Digrii 14 za Malindi



Chukua kompyuta mbili za mezani, prosesa aina moja, feni aina moja, hata vumbi hazijapata. Ya kwanza iweke London, kwenye chumba ambacho hewa yake ni digrii 20. Ya pili ilete Malindi, kwenye chumba cha kupanga kule Maweni au Kisumu Ndogo, paa la mabati, dari hakuna, saa tisa mchana, mwezi wa Machi. Humo ndani hewa ni digrii 34, na hapo sijatia chumvi. Tuseme prosesa ya kila moja inakula wati 100, na feni na hitisinki yake, yaani chuma cha kuondolea joto, ni za kawaida, kiasi kwamba kila wati 100 zinaipandisha prosesa digrii 35 juu ya hewa iliyoizunguka. Basi ya London itafika digrii 55. Ya Malindi itafika 69.

Sasa yule kijana wa London anataka kasi zaidi. Anaingia kwenye baiosi, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, anaitoa prosesa kwenye gigahezi 4.0 anaipeleka 4.4, na ili isigande anaiongeza volteji kutoka 1.20 hadi 1.35. Nitakuja kueleza hesabu yake, lakini kwa sasa niamini: wati 100 zimekuwa 139, na prosesa yake imefika digrii 69.

Digrii 69, msikilizaji. Sawa na ile ya Malindi ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Digrii 14 ambazo mwenzetu amezitumia kununulia kasi, sisi tumeshazitumia kabla ya kubonyeza kitu. Na kijana wa Malindi akifuata maelekezo ya yule wa London hatua kwa hatua, namba kwa namba, atajikuta kwenye 83.

Nalisema hili kwa sababu jambo lenyewe limeingia mitaani. Vijana wa kuhariri video za harusi, wenye mabanda ya michezo ya kompyuta, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, wote wamesikia kwamba prosesa inaweza kupandishwa mwendo kuliko kiwanda kilivyoiwekea. Wenyewe huita kuovakloki. Wanaangalia video iliyopigwa Ujerumani au Canada wakati theluji iko dirishani, wanachukua namba zilizotajwa, wanazileta huku kwenye kaskazi. Fundi wa video hiyo hajasema uongo. Namba zake ni za kwao.

Tuingie ndani kidogo. Prosesa huenda kwa mapigo. Gigahezi 4 maana yake ni mapigo bilioni 4 kwa sekunde moja, na kila pigo linapolia, mabilioni ya transista lazima ziwe zimeshamaliza kufunguka na kufungika kutoka pigo lililotangulia. Ukiharakisha mapigo, kuna zitakazochelewa. Hapo ndipo unaona mashine inaganda, skrini ya buluu, au inajizima na kuwaka upya. Dawa yake inajulikana: ongeza volteji kidogo, transista zitashtuka haraka zaidi. Na dawa inafanya kazi kweli. Tatizo ni bei yake, kwa kuwa joto halipandi sawa na kasi. Hupanda na mapigo, halafu hupanda tena na volteji iliyozidishwa kwa volteji yenyewe. Kasi ikiongezeka asilimia 10 unazidisha kwa 1.1. Volteji ikitoka 1.20 ikawa 1.35 imeongezeka asilimia 12 na nusu, ukiizidisha kwa yenyewe unapata karibu asilimia 27. Piga hizo mbili pamoja, jawabu ni asilimia 39.

Kwa hiyo umeongeza asilimia 10 ya mwendo na asilimia 39 ya moto. Video ya harusi iliyokuwa ikirendiwa kwa dakika 60 sasa itamalizika kwa dakika 54 na nusu, tena hapo umebahatika, maana kazi nyingine haisubiri prosesa, inasubiri diski na memori. Dakika 5 na nusu. Bibi harusi mwenyewe hakuwa anaihitaji video kabla ya wiki mbili.

Na hesabu yangu ilikuwa ya upole. Transista ikipata moto huvuja, yaani umeme hupita ndani yake hata inapokuwa imefungwa. Uvujaji huo ni joto jingine, na joto hilo huongeza uvujaji. Ndiyo maana ile 83 niliyoitaja katika maisha ya kweli haitulii hapo. Weka vumbi la miezi sita juu ya hitisinki, weka pesti iliyokauka kati ya hitisinki na chipu, utaiona 90 na kitu. Prosesa nyingi za mezani za siku hizi zimewekewa mpaka kwenye digrii 95 au 100, zikifika hapo zinajipunguza mwendo zenyewe ili zisijiunguze. Matokeo yake ni kichekesho: kijana ameongeza volteji, ameongeza joto, ameongeza kelele ya feni, na prosesa imerudi chini hadi gigahezi 3.9, pungufu ya pale alipoikuta.

Siyo kwamba kupandisha mwendo kumekuwa upuuzi siku zote. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A. Iliuzwa kama ya megahezi 300, lakini watu wakagundua kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja tu wa ubao, kutoka 66 hadi 100, nyingi zilikimbia kwa 450 bila matatizo. Nusu ya kasi nzima, bure! Kizazi kile kilikuwa na haki ya kufurahi. Kiwanda kilikuwa kikiacha akiba kubwa, na mwenye kujua aliichukua.

Akiba ile siku hizi imeliwa na kiwanda chenyewe. Mwaka 1974 mhandisi Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa na volteji ikashushwa pamoja nazo, unaweza kuongeza kasi bila kuongeza joto kwenye eneo lile lile. Kwa miaka kama thelathini dunia iliishi kwa kanuni hiyo. Pentium ya kwanza ya 1993 ilikuwa na megahezi 60, Pentium 4 ya 2004 ikafika 3,800. Kisha volteji ikakataa kushuka zaidi, kwa sababu ya ule uvujaji, na mwaka 2004 huo huo Intel wakaifuta prosesa ya gigahezi 4 waliyokuwa wameshaitangaza. Tangu hapo wakaanza kutia prosesa mbili, nne, nane ndani ya chipu moja, na kuweka turbo, yaani chipu yenyewe hujipandisha mwendo kila inapoona joto na umeme vinaruhusu. Ukinunua mashine leo, imeshaovaklokiwa na walioitengeneza. Kilichobaki kwako ni makombo.

Na hata kiwanda kinaweza kuzidisha. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zile kubwa za 2022 na 2023 ambazo nyingine zilifika gigahezi 6, zilianza kusumbua watu: michezo inakatika, programu zinafunga bila sababu. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba chipu zilikuwa zikiomba volteji kubwa kuliko inavyofaa, na hiyo volteji ilikuwa inazizeesha ndani kwa ndani. Mwezi wa Agosti walitoa marekebisho ya kuzuia maombi yanayozidi volti 1.55, wakaongeza pia waranti kwa miaka miwili. Lakini marekebisho hayakuweza kuirudisha chipu iliyokwisha kuchakaa. Hao ndio wenye maabara, wenye vipimo, wenye mabilioni ya dola. Sasa wewe na mimi tunabahatisha kwa kuongeza 0.05 hapa na 0.05 pale.

Kuzeeka huko ni nini hasa, maana prosesa haina kitu kinachosuguana? Ndani ya chipu kuna nyaya za shaba nyembamba mno, maelfu kwa maelfu ndani ya upana wa unywele. Elektroni zinapopita kwa wingi hugonga atomi za shaba na kuzisogeza, polepole, kila siku. Fikiria Mto Sabaki: unachota udongo kule bara, unaumwaga kwenye ghuba ya Malindi, na miaka ikipita ufuo umesogea mbele na maji ya pwani yamekuwa mekundu. Elektroni hufanya hivyo hivyo ndani ya waya. Mahali pamoja panachimbika mpaka waya unakatika, mahali pengine panajaa mpaka unagusana na jirani yake. James Black wa kampuni ya Motorola aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1969, na ndani yake mna vitu viwili vinavyouma: wingi wa umeme unaopita, na joto. Joto halihesabiwi kwa kujumlisha. Kila digrii chache zinapoongezeka, umri hukatwa kwa sehemu, kisha kilichobaki nacho hukatwa.

Sitakwambia prosesa yako itakufa mwaka gani. Kila chipu ina bahati yake tangu ilipokatwa kiwandani, mbili za aina moja hazifanani. Nyingi zitaishi kuliko ubao uliozibeba, na hapo ndipo watu wa mtandaoni husema, "Mimi nimeovakloki miaka mitano na bado inapiga kazi." Ni kweli. Lakini uliza hali ya vitu vilivyoizunguka. Kwenye ubao na ndani ya pawasaplai kuna kapasita, yale makopo madogo yenye maji maji ndani. Umri wake unajulikana vizuri zaidi kuliko wa chipu: kila digrii 10 zinapopungua, maisha yake huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa digrii 105 itaishi saa kama 32,000 ikikaa kwenye 65, na 16,000 tu ikikaa kwenye 75. Sasa wati 39 za ziada ulizoziwasha zinapulizwa wapi? Zinapulizwa juu ya hizo kapasita. Mashine inakufa, fundi anasema ubao umeungua, na hakuna anayeilaumu prosesa, kwa sababu prosesa yenyewe ni nzima.

Halafu kuna chumvi, na hapa sisi wa pwani tuna somo letu ambalo hao wa theluji hawalijui. Chumvi ya bahari ina tabia moja: unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, huanza kunywa maji ya hewani mpaka inayeyuka. Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa, unyevu huo si mgeni, usiku ndio kabisa. Ina maana chembe za chumvi zilizokaa kwenye ubao wa kompyuta mchana zikiwa kavu, usiku zinageuka kuwa matone madogo ya maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme na kula chuma. Hitisinki nyingi zina aluminiamu na shaba zikigusana. Tia maji ya chumvi katikati, umetengeneza betri ndogo inayokula aluminiamu. Hebu sasa unganisha na habari yetu. Ukiongeza volteji, joto linapanda. Joto likipanda, feni inakimbia. Feni ikikimbia, inavuta hewa nyingi zaidi ya baharini ndani ya kasha. Kwa hiyo kule bara mwenye kuongeza kasi anavuta vumbi tu. Wa kando ya bahari anavuta vumbi na chumvi, tena kwa nguvu zaidi.

Kampuni ya Microsoft mwaka 2018 ilizamisha seva 864 baharini, visiwa vya Orkney huko Scotland, ndani ya chombo kilichojazwa nitrojeni kavu. Walipozitoa mwaka 2020 walikuta zilizoharibika ni moja ya nane ya zile zinazoharibika nchi kavu. Maji ya Orkney ni baridi, na ndani ya chombo hapakuwa na oksijeni, unyevu, wala mtu wa kugusagusa. Sisi nasi tuna bahari karibu, lakini inatuletea vyote viwili, moto na unyevu.

Niseme neno kuhusu stima, kwa sababu nimeona watu wanachanganya mambo mawili yanayoitwa volteji. Ile ya ukutani ni volti 240, ndiyo inayopanda na kushuka, na ndiyo iliyokatika nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Stabilaiza na UPS vinaangalia hiyo. Ikiingia ndani, pawasaplai huigeuza kuwa volti 12, na ubao huishusha tena hadi volti moja na kitu kabla haijafika kwenye prosesa. Ukinunua stabilaiza nzuri umefanya la maana, lakini haitakulinda na volteji uliyoiandika mwenyewe kwenye baiosi. Tena mashine iliyopandishwa mwendo humchosha pawasaplai, na pawasaplai aliyechoka ndiye wa kwanza kuanguka stima inaporudi kwa kishindo. Kwa wenye kununua tokeni, zile wati 39 kwa saa 8 za kazi kila siku ni kama yuniti 9 kwa mwezi. Hujahesabu feni ya ukutani unayoiwasha kwa sababu chumba kimezidi kuwa tanuri.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, twende Ngomeni, kaskazini kidogo ya Malindi. Wenyeji wanaijua ile minara ya chuma iliyosimama baharini. Pale Waitaliano walirusha setilaiti tangu 1967 hadi 1988, na pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksi angani, ikapewa jina la Uhuru. Urushaji ulikwisha lakini kituo cha nchi kavu kinaendelea kupokea habari kutoka angani. Mojawapo ya setilaiti zinazozungumza na Malindi ni Swift, ya NASA, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004 kutafuta milipuko mikubwa ya mbali.

Ndani ya darubini yake ya kugundua milipuko mna prosesa inayoitwa RAD6000, inayotengeneza picha za ilichokiona. Mwendo wake wa juu kabisa ni megahezi 33. Siyo gigahezi, msikilizaji, megahezi! Simu ya shilingi elfu kumi iliyoko mfukoni mwako inaipita mara nyingi. Na miaka 20 baada ya kurushwa, Swift ilikuwa bado kazini. Aina hiyo hiyo ya prosesa, ikienda kwa megahezi 20, ndiyo iliyoliendesha gari la Opportunity kule Mirihi, lililopangiwa siku 90 likafanya kazi kuanzia 2004 hadi 2018. Waliochagua mwendo huo hawakushindwa kupata chipu ya kasi. Walikuwa wanapeleka mashine mahali ambapo hakuna fundi wa kuifuata, wakaulizana swali la mwisho kwanza: inatakiwa iishi miaka mingapi, kwenye joto gani, kwa umeme kiasi gani? Mwendo ukatoka kwenye majibu hayo.

Mimi naona kompyuta nyingi za Malindi ziko karibu zaidi na Opportunity kuliko na mashine ya yule kijana wa London. Yeye akiunguza, waranti ipo, duka lipo, kesho kutwa ana nyingine. Huku mashine ilifika ikiwa imeshatumika ofisini Ulaya miaka minne au mitano, imeshuka bandarini Mombasa, imepitia kwa muuzaji, kwa mwenye saiba, kisha kwa mtoto wa shule. Spea ni za kuagiza. Kazi iliyobaki kwake ni kuishi.

Kuna jingine ambalo watu hulisahau. Mashine iliyopandishwa mwendo haigandi kila inapokosea. Mara nyingine inakosea herufi moja, tarakimu moja, na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye mchezo wa mpira utaona rangi moja imeruka tu. Lakini pale Kilifi, taasisi ya KEMRI-Wellcome, mwaka 2020 wanasayansi walikuwa wakisoma chembe za urithi za virusi vya korona, herufi karibu 30,000 kwa kila kirusi, na wanachotafuta ni tofauti ya herufi moja moja. Kazi ya aina hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji wa seva kuuza prosesa zenye mwendo mdogo kuliko za wachezaji, na memori inayojisahihisha. Hata mwenye kuweka hesabu za chama cha akina mama Kaloleni angependa tarakimu zake zibaki zilivyo.

Basi afanyeje mwenye kutaka mashine yake ichangamke? Jibu langu litawaudhi wapenzi wa kasi: shusha volteji badala ya kuipandisha. Kiwanda huweka volteji inayotosha hata chipu dhaifu kuliko zote, na chipu yako huenda si dhaifu. Rudi kwenye mfano wetu. Acha gigahezi 4.0 zilivyo, shusha volteji kutoka 1.20 hadi 1.10. Zidisha kama tulivyofanya, utaona wati 100 zimekuwa 84. Pale pale Maweni, chini ya mabati yale yale, prosesa imeshuka kutoka 69 hadi 63 na nukta kadhaa, na kasi haijapungua hata chembe. Mara nyingi itaongezeka, kwa sababu turbo hupata nafasi ya kukaa juu kwa muda mrefu zaidi kabla joto halijaifukuza. Kanuni ya volteji mara volteji inayokuadhibu ukipanda ndiyo hiyo hiyo inayokulipa ukishuka.

Teremka kwa hatua ndogo, 0.01 au 0.02 kwa mara moja, kisha ipe mashine mtihani wa kuichosha. Na mtihani ufanye wakati wake! Nimeona watu wanapima mashine mwezi wa Julai, kusi inavuma, madirisha wazi, saa moja asubuhi, wanafurahi kwamba imepita. Machi ikifika inaanza kuganda, na lawama zinaenda kwa virusi. Mtihani wa pwani ni saa nane na tisa mchana, kaskazi ikiwa imekufa, mlango umefungwa. Ikipita hapo saa mbili tatu mfululizo, iache.

Laptopu nyingi hazitakubali. Mwishoni mwa 2019 watafiti walionyesha kwamba kucheza na volteji kwa programu kunaweza kutumika kuiba siri zilizofungiwa ndani ya prosesa za Intel, na mashine nyingi zikafungiwa mlango huo. Hapo kuna njia ya mzee: kwenye Windows, nenda kwenye mipangilio ya umeme, tafuta kiwango cha juu cha prosesa, kitoe kwenye asilimia 100 ukiweke 99. Hiyo asilimia moja kwa kawaida inazima turbo. Laptopu itapungua kasi kwa kazi nzito, kwa kuandika barua na kuangalia barua pepe huenda usitambue, na sehemu ya chini haitakuunguza mapaja. Wengine watasema hiyo ni kurudi nyuma. Apple walipokiri Desemba 2017 kwamba walikuwa wakipunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka, watu walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu walifanyiwa bila kuambiwa. Ukijifanyia mwenyewe, kwa kujua, ni jambo jingine.

Kabla ya hayo yote, bila shaka, kuna ufagio. Brashi laini na hewa ya kupuliza, kila baada ya miezi mitatu kwa aliye karibu na bahari, si mara moja kwa mwaka kama vitabu vinavyosema. Pesti mpya ukiona joto limepanda bila sababu. Kompyuta isikae sakafuni wala isitazame dirisha la baharini. Wazee waliojenga mji wa kale wa Gede walijua kwamba ukuta mnene wa mawe ya matumbawe huzuia joto la mchana lisiingie. Ukiwa na chumba cha namna hiyo na kingine cha mabati, weka mashine kwenye cha mawe, hata kama intaneti inashika vizuri zaidi upande wa pili. Buruta waya.

Sina ugomvi na mwenye kuovakloki ili ajifunze. Kijana akipata mashine kuukuu ambayo hakuna kazi inayoitegemea, mwache aichezee, aone joto linavyopanda, ajue kwa mkono wake kile ambacho mwalimu wa fizikia anakiandika ubaoni. Na wale wa mashindano, wanaomwaga nitrojeni au heliamu iliyogeuzwa maji juu ya prosesa na mwaka 2022 wakavuka gigahezi 9, wana mchezo wao na ni mchezo mzuri. Chipu ile hukaa kwenye namba hiyo muda mfupi tu, kwenye baridi ya chini ya digrii mia mbili za hasi, kisha inazimwa. Haihariri harusi ya mtu.

Mwenye kununua mashine ya mkono wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu volteji aliyoiweka mwenyewe wa kwanza haiachi alama inayoonekana kwa macho. Ukiona prosesa ya Intel yenye herufi K mwishoni mwa jina lake, au kasha lenye taa na feni nyingi, jua kwamba huenda ilichezewa. Kabla hujatoa pesa, ingia kwenye baiosi, tazama kama volteji na mapigo vimewekwa kwa mkono, rudisha vyote kwenye mpangilio wa kiwandani, kisha omba mashine iachwe kwenye mtihani wa kuchosha kwa saa moja hapo hapo dukani, mchana, feni ya muuzaji ikiwa imezimwa. Inayojizima ukiirudisha kwenye mwendo wake wa kawaida imeshachoka, usiichukue kwa bei yoyote. Na muuzaji akikataa hiyo saa moja, duka la pili haliko mbali.